Ghorofa gani, upande gani: mwongozo kamili wa kupima shina la ubongo, ubongo mdogo na neva za fuvu

Mwanafunzi wa utabibu ukimuuliza neva za fuvu ni ngapi, atakujibu kumi na mbili kabla hujamaliza swali, na atazitaja zote kwa mpangilio bila kukwama. Mpeleke wodini, mwoneshe mama aliyepinda mdomo na anayeona vitu viwili viwili, umuulize tatizo liko wapi. Hapo kimya kinaingia. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kimya hicho. Nimemlenga, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, afisa tabibu aliye Makete, muuguzi wa zamu kule Busokelo, mwanafunzi aliyeko mafunzo kwa vitendo Ilula. Watu ambao kipimo cha CT-Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, kwao kiko mwendo wa saa kadhaa, na pengine mvua inanyesha njiani.

Kuzipima neva kumi na mbili moja baada ya nyingine na kuandika "kawaida, kawaida, kawaida" hakumsaidii mgonjwa. Unachotakiwa kukijua mwishoni ni mambo mawili: tatizo liko sehemu gani ya shina la ubongo au nje yake, na liko upande gani. Ukishayajua hayo, uamuzi wa kumsafirisha leo, kesho au kumtibu hapo hapo unakuwa mwepesi.

Ramani kwanza

Shina la ubongo lina sehemu tatu, nami huzifundisha kama ghorofa tatu. Ya juu ni ubongo wa kati, ya katikati ni ponsi, ya chini ni medula, ambayo ikipita kwenye tundu kubwa la fuvu inaendelea kuwa uti wa mgongo. Lote kwa urefu halifiki sentimita 10. Ndani ya nafasi hiyo ndogo zinapita njia zote za amri kutoka ubongo mkubwa kwenda mikono na miguu, zinapanda njia za hisia kutoka mwilini, na umo mtandao wa seli unaotuweka macho na fahamu. Medula ndiyo yenye vituo vinavyoendesha pumzi, mapigo ya moyo, presha, kumeza na kutapika. Ndiyo maana jeraha dogo hapa huua, wakati jeraha la ukubwa huo huo kwenye ubongo mkubwa linaweza kumwachia mtu ganzi ya vidole tu.

Nyuma ya shina, chini ya ubongo mkubwa, upo ubongo mdogo, yaani serebela. Umeshikamana na shina kwa jozi tatu za mashina madogo, kila jozi kwenye ghorofa yake. Kwa uzito ni takribani asilimia 10 ya ubongo wote, lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Brazili ilionesha kwamba kati ya seli za neva bilioni 86 za ubongo wa binadamu, bilioni 69 hivi zimo humo. Kazi yake ni kusawazisha: kulinganisha mwendo uliokusudiwa na mwendo unaofanyika, kisha kuusahihisha kabla hujamwaga chai. Sehemu yake ya katikati, inayoitwa vermisi, inasimamia kiwiliwili na kutembea. Mabawa ya pembeni yanasimamia mikono na miguu, na hapa shika jambo moja: bawa la kulia linasimamia upande wa kulia wa mwili, tofauti na ubongo mkubwa ambao amri zake huvuka kwenda upande wa pili.

Sasa neva. Neva ya 1 ya kunusa na ya 2 ya kuona hazitoki kwenye shina. Ni mali ya ubongo mkubwa. Zilizobaki zigawe hivi: ya 3 na ya 4 ghorofa ya juu, ya 5, 6, 7 na 8 ponsi, ya 9, 10, 11 na 12 medula. (Ya 11 kwa kweli huanzia zaidi kwenye uti wa shingo, lakini kwa kazi ya wodini iache hapo.) Halafu iko hila ya hesabu ambayo daktari Peter Gates wa Australia aliieneza mwaka 2005, na sijaona nyingine inayoizidi. Chukua neva za shina, uliza ipi inagawanya 12 bila baki: 3, 4, 6 na 12. Hizo viini vyake viko karibu na mstari wa katikati, na zote ni za kuendesha misuli ya macho na ulimi. Zile za 5, 7, 9 na 11, ambazo haziigawanyi, ziko pembeni. Njia ya amri ya mikono na miguu nayo inapita katikati. Kwa hiyo udhaifu wa mkono na mguu ukiambatana na neva ya 3, 6 au 12, jeraha liko katikati. Ganzi ya uso, sauti ya kukwaruza na kuyumba bila udhaifu wa viungo, jeraha liko pembeni. Hila hii inamtosha mtu aliyesahau kila kitu kingine.

Vya kuwa navyo

Tochi, hata ya simu. Pamba. Kijiti cha meno kipya kwa kila mgonjwa. Kijiti cha kukandamizia ulimi, glasi ya maji na kijiko cha chai. Chati ya E na nafasi ya mita 6. Uma wa sauti wa hezi 512 ukibahatika. Kwa kunusa tumia kahawa ya unga, na kwa sisi tulio jirani na Mbozi inakolimwa kahawa hakuna kisingizio. Usitumie spiriti wala dawa ya kuchua yenye kuwasha: mwasho huo hupokelewa na neva ya 5, hivyo mtu asiyenusa kabisa atakuambia amenusa.

Kabla ya vyote hivyo, pima sukari na presha. Sukari iliyoshuka huiga kiharusi kwa ustadi mkubwa.

Hatua ya 1: salamu

Ukiwa Rungwe utasema "mwagonile", Iringa na Njombe utasema "kamwene", mzee utampa shikamoo yake. Usiipite salamu mbio. Wakati mzee anaitikia marahaba unasikiliza kama sauti inapitia puani, kama inakwaruza, kama maneno yanakatika vipande vipande. Unatazama mdomo unaenda upande gani na kope zote zimefumbuka sawa. Ukimsalimia ukiwa umesimama nyuma kidogo ya bega lake, umeshapima sikio.

Mgonjwa asipojibu kabisa, usiandike "hana fahamu" upesi. Mwinamie, umwambie: "Mama, kama unanisikia tazama juu." Kiharusi cha mbele ya ponsi kinaweza kukata njia zote za amri chini ya hapo na kuacha fahamu nzima. Mgonjwa huyo anasikia kila kitu, anaelewa, analia, lakini kinachosogea ni macho kwenda juu na chini na kope tu. Ndugu wanaozungumzia mazishi kando ya kitanda anawasikia. Akitazama juu ulipomwomba, mpangie alama: juu ni ndiyo, chini ni hapana, na uwaeleze ndugu pale pale.

Hatua ya 2: pua na macho

Pua ipite haraka, tundu moja moja, macho yamefumbwa. Mwezi wa Juni na Julai nusu ya Njombe ina mafua, kwa hiyo hakikisha kwanza pua imefunguka. Kupotea kwa kunusa baada ya ajali ya bodaboda kuna maana, kwa sababu nyuzi za neva ya 1 hukatika kirahisi kichwa kikitikiswa.

Macho yape muda. Pima uwezo wa kuona kila jicho peke yake, kisha eneo la kuona: kaa mbele ya mgonjwa, akutazame puani, leta kidole kutoka pembeni na umwambie aseme anapokiona. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia etambutoli na anayelalamika kwamba nyekundu na kijani zimefifia, simamisha dawa hiyo na uwasiliane na mratibu wa kifua kikuu siku hiyo hiyo; neva ya 2 ikiachwa hairudi yote.

Mboni: mulika jicho moja, tazama yote mawili. Mwanga unaingia kwa neva ya 2, amri ya kubana inatoka kwa neva ya 3 kwenye ubongo wa kati. Mboni kubwa upande mmoja isiyobana kwa mtu aliyegonga kichwa ni dharura ya dakika, maana ubongo uliovimba au damu inayokusanyika inaisukuma neva ya 3.

Kisha mwambie atulize kichwa, afuate kidole chako kwa macho tu, uchore herufi H umbali wa nusu mita. Jicho lililoangukia nje na chini, kope limefunga: neva ya 3. Ikiwa mboni imesalimika na mgonjwa ana kisukari, huenda mishipa midogo inayolisha neva imeziba na hali itarejea yenyewe baada ya wiki au miezi. Ikiwa mboni imepanuka, ogopa uvimbe wa mshipa wa damu. Jicho lisiloweza kugeuka kwenda nje, upande wa sikio: neva ya 6. Neva ya 4 ndiyo inayosahaulika. Mgonjwa wake huona viwili anapotazama chini, basi anayeishi milimani huku atakuambia shida inamshika akiteremka kwenda mtoni na kumwachia akipanda. Tazama pia kichwa. Mara nyingi anakiinamisha upande wa pili bila kujua.

Hapa niweke onyo. Neva ya 6 ina safari ndefu ndani ya fuvu, na presha ya kichwa ikipanda kwa sababu yoyote inaweza kuathirika bila ponsi kuguswa. Mikoa yetu hii, Njombe ikiwa mbele, ina maambukizi mengi ya VVU. Kijana anayeumwa kichwa wiki mbili, anatapika na jicho haligeuki kwenda nje, fikiria homa ya uti wa mgongo ya fangasi au ya kifua kikuu kabla hujachora kiharusi cha ponsi. Kwa ile ya fangasi, kutoa maji ya uti wa mgongo ni kipimo na ni tiba pia, presha ikizidi sentimita 25 za maji. Lakini kama jicho hilo linaambatana na kuyumba, udhaifu wa upande mmoja au fahamu kushuka, sindano ya mgongo isubiri picha: uvimbe ulioko nyuma ya kichwa unaweza kuzama kwenye tundu la fuvu na kuikaba medula.

Hatua ya 3: uso

Neva ya 5 inaleta hisia za uso kwa matawi matatu: paji, shavu, kidevu. Gusa kwa pamba, kisha kwa kijiti, kulia na kushoto. Pembe ya taya si yake, ni ya neva za shingo. Mtu anayedai ganzi ya uso mzima hadi pembe ya taya kwa mstari ulionyooka, mtazame mara mbili. Mwambie aume meno, ukipapasa misuli ya kutafunia. Kwa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, leta ncha ya pamba kutoka pembeni asiione, gusa pale juu ya sehemu ya rangi ya jicho, wala si kwenye weupe. Hisia inaingia kwa neva ya 5, kope linafumba kwa neva ya 7. Zote ni za ponsi.

Neva ya 7 ndiyo inayoleta watu wengi kituoni, maana mdomo uliopinda hauwezi kufichwa, na wengine watakuwa wameshaambiwa wamepigwa upepo. Mwambie ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, aoneshe meno, avimbishe mashavu. Paji la uso ndilo linaloamua. Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo mkubwa, kwa hiyo kiharusi cha juu huupinda mdomo na kuliacha paji likikunja kama kawaida. Paji likilala pamoja na mdomo na jicho halifumbi, neva yenyewe ndiyo imeathirika.

Ikiwa imeathirika neva peke yake, hakuna kingine, na ni ndani ya saa 72, anza prednisoloni: miligramu 50 kwa siku kwa siku 10 ni kipimo kinachotumika sana, baada ya kuangalia kisukari na maambukizi. Pima VVU. Angalia ndani ya sikio na kwenye ngozi yake; malengelenge hapo ni ya mkanda wa jeshi, ongeza asiklovia. Usaha unaotoka sikioni pamoja na uso uliolala ni safari ya kwa daktari wa masikio. Na jicho lisilofumba lilinde: matone ya kulainisha mchana, mafuta ya jicho na kulifunga usiku. Nimeona watu wakipona uso na kubaki na kovu kwenye konea, kwa sababu kila mtu alishughulika na mdomo.

Hatua ya 4: sikio na kizunguzungu

Kusikia: sugua vidole karibu na sikio moja, nong'ona namba kwenye jingine. Uma wa sauti ukiwepo, uweke kwenye mfupa nyuma ya sikio kisha mbele ya tundu. Kwa kawaida mbele husikika zaidi. Ukisikika zaidi kwenye mfupa, tafuta nta, usaha au ngoma iliyotoboka. Muulize pia dawa. Jentamisini huharibu neva ya 8, mizani hasa, na haisubiri wiki nyingi kwa mwenye figo dhaifu.

Kizunguzungu kinahitaji akili iliyotulia. Kinachokuja kwa sekunde chache mgonjwa akijigeuza kitandani ni cha sikio. Kinachotisha ni kile kilichoanza ghafla na kinaendelea saa nyingi bila kuachia, pamoja na kutapika na macho yanayochezacheza, yaani nistagmasi. Je, ni neva ya sikio au ni kiharusi cha ubongo mdogo? Ziko hatua tatu za kando ya kitanda, na zikifanywa vizuri ndani ya saa 48 za mwanzo hukiona kiharusi ambacho hata MRI, picha ya ubongo ya kina zaidi, inaweza kukikosa.

Shika kichwa cha mgonjwa, akutazame puani, kisha kigeuze kwa ghafla kidogo tu, digrii 10 hadi 20. Macho yakiteleza na kichwa halafu yakaruka kurudi puani kwako, ni neva ya sikio. Yakibaki puani kwako bila kuteleza, kwa mgonjwa huyu ambaye dunia bado inamzunguka, shuku ubongo. Wengi hulielewa kinyume, kwa hiyo lisome tena: hapa matokeo "mazuri" ndiyo mabaya. Pili, tazama nistagmasi akitazama kulia, kisha kushoto. Ikibadili mwelekeo kufuata macho, au ikipanda na kushuka wima, ni ubongo. Tatu, ziba jicho moja kwa kiganja, hamishia kiganja jicho la pili, endelea kubadilisha. Jicho likishtuka kwenda juu au chini linapofunuliwa, ni ubongo. Moja tu kati ya hayo matatu linatosha kumwandikia rufaa. Usifanye lolote la shingo kwa aliyeanguka kwenye pikipiki au gari hadi shingo ihakikishwe.

Hatua ya 5: koo, ulimi, shingo

Mwambie aseme "aaa" ukiwa na tochi. Kaakaa laini linapaswa kuinuka sawa; neva ya 10 ikilala upande mmoja, linavutwa kwenda upande mzima. Vitabu vinakuambia tazama kimeo. Kwetu kuna watu wengi waliokatwa kimeo utotoni, kwa hiyo tazama tao la kaakaa lenyewe.

Kisha mwambie arudie upesi: mamama, tatata, kakaka. Ya kwanza ni midomo, neva ya 7. Ya pili ni ncha ya ulimi, neva ya 12. Ya tatu ni nyuma ya ulimi na kaakaa. Silabi ikikwama unajua pa kutazama. Ulimi ukitolewa nje hupinda kwenda upande ulio mgonjwa. Neva ya 11 ni kuinua mabega na kugeuza shingo dhidi ya mkono wako, basi.

Kumeza kupimwe kabla uji haujafika. Ndugu wanakuja na chupa ya uji wa ulezi kwa upendo, na uji huo huishia kwenye mapafu. Mgonjwa aketi wima, awe macho, apewe kijiko cha chai cha maji, mara tatu, halafu anywe kidogo kwenye glasi. Akikohoa, akipaliwa, au sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, hali kitu kwa mdomo; weka mpira wa kulishia puani. Kukohoa kusikupumbaze pia: wapo ambao maji yanaingia njia ya hewa na hawakohoi, na sauti ya majimaji ndiyo inayowasaliti.

Hatua ya 6: msimamishe

Ubongo mdogo unapimwa kwa mambo mengi akiwa kitandani. Aguse pua yake kisha kidole chako, ukikihamisha. Mkono unaotetemeka zaidi kadiri unavyokaribia shabaha, au unaopitiliza, ndio huo. Apige kiganja cha mkono mmoja kwa mgongo wa mkono wa pili, kisha kwa kiganja chake, akibadilisha haraka. Ashushe kisigino kutoka gotini hadi kifundoni. Aseme sentensi ngumu, "katibu kata amekataa kukata katani", usikilize maneno yanavyokatika.

Lakini ugonjwa wa vermisi hautaonekana kwa hayo yote. Atagusa pua vizuri, atashusha kisigino vizuri, utamruhusu, ataanguka mlangoni. Kwa hiyo hakuna mgonjwa wa kizunguzungu au kutapika anayerudi nyumbani kabla hujamwona akisimama na kutembea, kisigino mbele ya kidole gumba, nawe umesimama karibu umdake. Asiyeweza kukaa wima bila kushikwa ana jambo kubwa hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Kumwambia afumbe macho akiwa amesimama kunapima zaidi hisia za miguu. Mgonjwa wa ubongo mdogo anayumba hata akiwa amefumbua.

Visababishi vya huku kwetu vitafute kwa kuuliza. Mnywaji wa miaka mingi wa ulanzi au komoni, miguu imepanuka akitembea, mikono mizima: vermisi imeliwa na pombe. Akiwa pia amechanganyikiwa na macho hayaendi sawa, ni upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1; mpe kwenye mshipa kabla ya glukosi, usisubiri kipimo. Mgonjwa wa kifafa aliyeongezewa fenitoini ataanza na nistagmasi, kisha kuyumba, kisha kusinzia. Punguza dozi kabla hujamtafutia uvimbe. Mtoto mwenye sikio linalotoa usaha tangu mwaka jana, sasa ana homa na anayumba, ana jipu la ubongo mdogo hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtoto anayetapika asubuhi na kuyumba bila homa, fikiria uvimbe. Na panapofugwa nguruwe wa kuzurura, kifuko cha tegu kwenye ventrikali ya nne, yaani chumba cha maji ya ubongo kilicho kati ya shina na ubongo mdogo, kinaweza kuleta kichwa kikali na kutapika kwa ghafla kila anapogeuza kichwa.

Hatua ya 7: aliyezimia

Hapa mpangilio wa ghorofa unafanya kazi yake yote. Anza juu. Mboni na mwanga: ubongo wa kati. Konea: ponsi. Geuza kichwa taratibu, kama shingo ni salama. Shina likiwa zima macho huenda kinyume na kichwa. Kukohoa unapofyonza kooni, na pumzi yenyewe: medula. Rudia kila nusu saa na uandike. Anayepoteza ghorofa moja baada ya nyingine kwenda chini anakwisha, na presha inayopanda huku mapigo yakishuka ndiyo kengele ya mwisho.

Mboni ndogo kama ncha ya pini zitakutega. Damu ikivuja ndani ya ponsi huzifanya hivyo. Dawa za kupulizia viazi na nyanya pia. Mkulima wa Ilula au Umalila aliyezimia, harufu ya dawa, mate yanatiririka, jasho, kifua kimejaa majimaji: huyo anahitaji kuvuliwa nguo, kuoshwa na atropini sasa hivi. Mwenye damu kwenye ponsi hana mate hayo.

Unganisha

Uso upande mmoja, mkono na mguu upande wa pili: hilo ni shina la ubongo, hakuna mahali pengine panapofanya hivyo kirahisi. Neva iliyolala inakuambia ghorofa na upande.

Ninayemhofia zaidi ni mgonjwa wa medula ya pembeni, kwa sababu nguvu zake zote zipo. Anakuja na kizunguzungu, kutapika, kwikwi isiyoisha, sauti ya kukwaruza. Anashika mkono wako barabara, kwa hiyo anapewa dawa ya malaria na kurudishwa. Ukimpima: kope limeshuka kidogo na mboni ni ndogo upande mmoja, uso upande huo hausikii kijiti, mkono wa upande huo unapitiliza, na mwili upande wa pili hausikii maumivu. Hawezi kumeza.

Mwingine ni kiharusi cha ubongo mdogo anayeonekana hajambo siku ya kwanza. Uvimbe hukua hadi siku ya tatu hivi, ukaziba njia ya maji ya ubongo na kulisukuma shina. Msafirishe akiwa bado anaongea. CT ya mapema isiyoonesha kitu isikutoe kwenye hoja. Mifupa minene ya nyuma ya fuvu huificha sehemu hii.

Rufaa

Piga simu kwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa wako, uulize kama mashine ya CT inafanya kazi leo. Njiani kichwa kiinuliwe digrii 30, au alale ubavu kama hana fahamu. Asile kitu. Asipewe aspirini kabla ya picha. Presha usiishushe kwa pupa. Chini ya 220/120 iache, isipokuwa moyo au mimba inadai.

Barua iwe fupi hivi: "Mwanaume, miaka 58, ana presha. Saa 1 asubuhi ghafla kizunguzungu, kutapika, sauti ya kukwaruza, hamezi. Kope la kushoto limeshuka, mboni ya kushoto ndogo. Hisia ya maumivu imepungua uso kushoto, mwili kulia. Mkono wa kushoto unapitiliza. Nguvu kamili pande zote. Sukari 6.2, presha 176/98. Nadhani: medula, pembeni, kushoto, kiharusi. Hajala wala kunywa tangu saa 2." Weka saa uliyompima na upana wa mboni kwa milimita, kwa sababu daktari wa zamu atakayempokea usiku atampima upya, na anahitaji kujua kama mgonjwa amebadilika akiwa barabarani.